Darasa la Madame Wivine Limetulia

Watu wa mtaa wa Simi-Simi hupenda kusema kwamba Madame Wivine alizaliwa na chaki mkononi. Si kweli. Alizaliwa kama wewe na mimi, kwa makelele mengi na mikono mitupu. Lakini miaka ishirini na saba amesimama mbele ya ubao wa ile shule ya matofali nyuma ya kiwanja cha zamani cha ndege, akifundisha Kiingereza watoto wenye Kiswahili cha nyumbani, Lingala ya sokoni na Kifaransa cha makaratasi, na ambao hawajawahi kukutana na Mwingereza hata mmoja katika mji mzima wa Kisangani. Ukitaka kujua kazi ngumu, hiyo hapo.

Na kabla hujaanza kumhurumia, ujue alikuwa na kiburi. Kiburi chenye haki, lakini kiburi. Vitabu pale shuleni hakuna. Kuna daftari lake moja la jalada jekundu, alilojiandikia mwenyewe chuoni, na kila mwaka watoto wanalinakili kutoka ubaoni. Lakini hakujivunia daftari, alijivunia sauti. Kwake mtoto hakai chini kabla hajatoa sentensi kwa kinywa chake mwenyewe.

"Luga iko mu kinywa," alikuwa anawaambia. "Haiko mu kaye, haiko mu daftari."

Yeye husema, darasa zima hurudia kwa pamoja, watoto thelathini na wanane, mpaka mama wa maandazi ng'ambo ya barabara akajua kusema "good morning" bila kulipa hata siku moja ya shule. Darasa hili la tano alilipokea likiwa la tatu, akapanda nalo mwaka kwa mwaka, na alilipenda kuliko yote yaliyotangulia.

Sasa sikia balaa lilivyomwingia. Mwaka juzi malaria ilimlaza. Wakamtundikia kwinini siku nane, chupa juu ya chupa. Mwenye kuijua kwinini anajua inavyoleta kengele masikioni. Kwa wengi kengele hizo hunyamaza baada ya wiki moja au mbili, na dunia inarudi. Za Wivine zilinyamaza kweli, ila dunia haikurudi. Likaanza kufa sikio la kushoto, likafuata la kulia, na Noeli ilipofika hakusikia tena jogoo, wala redio ya jirani, wala mvua juu ya bati.

Alimwambia nani? Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo aliijua, tena alikuwa anawaambia wengine. Lakini fikiria hali yake. Mume wake Moïse alizikwa zamani. Watoto wake wawili wako Kinshasa na wana mambo yao. Kilichobaki kuitwa maisha ni yale masaa ya asubuhi mbele ya ubao. Kumtoa pale ni kumzika akiwa anapumua, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Basi akaficha. Watoto wake wakipiga simu, anawaandikia ujumbe kwamba mtandao wa Kisangani ni mbaya, nao wakaamini, kwani nani asiyeujua mtandao wa Kisangani? Kanisani alitoka katika kwaya akasema koo linamsumbua. Sokoni alitazama midomo. Midomo ya Kiswahili na ya Lingala aliisoma vizuri, hata ya Kifaransa, mradi mtu asigeuze uso. Akigeuza tu, maneno yamekwenda na maji.

Kitu kimoja alikipenda, nacho ni mvua ya mchana. Mvua ya kwetu ikilipiga bati la shule, hakuna mwalimu anayesikika. Wote huweka chaki chini, hufunga mikono, hungoja ipite. Saa ile Wivine alikuwa sawa na wenzake.

Siku zisizo na mvua alizitafutia ujanja, na ujanja wenyewe ulikuwa mzuri, tumpe haki yake. Aliutoa katika somo la aina nne za sentensi, ambalo aliliweza kuliko masomo yote ya lile daftari jekundu. Kila sentensi ina mkono wake, aliwaambia. Sentensi ya kueleza, kiganja kinalala juu ya meza, habari imekwisha. Ya kuuliza, kiganja kinageuka juu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Ya kuamuru, kidole mbele. Na ya kushangaa, mikono miwili kichwani, kama mama aliyeletewa habari za msiba. Tangu siku hiyo mtoto wa darasa la Wivine hakuruhusiwa kusema sentensi ya Kiingereza bila kuitolea mkono wake. Walimu wenzake wakasifu, wakasema hiyo ndiyo njia ya kisasa. Hakuna aliyejua kwamba mikono ile ndiyo iliyokuwa masikio yake.

Na sauti je? Hapo ndipo penye ajabu. Sauti alikuwa nazo. Vinywa thelathini na vinane vikifunguka kwa pamoja, Wivine aliwasikia, kichwani mwake, lakini aliwasikia, makelele yale mazuri ya miaka yote. Zaidi ya wote alimsikia Benie wa benchi la mbele. Sauti ya msichana huyo aliijua tangu kabla ya kwinini: nzito kidogo, yenye mikwaruzo, ya mtu aliyeamka sasa hivi. Benie akifungua kinywa, sauti ile inakuja yenyewe. Hata alipokula lituma yake, ndizi za kupondwa, peke yake jioni, Wivine alijiambia: masikio yamekufa, lakini darasa liko hai.

Siku moja Timothée, mwalimu wa historia wa darasa la jirani, alimsimamisha uwanjani.

"Madame, darasa yako inatulia sana siku hizi," alimwambia. "Hata inzi inasikika. Unabafanyaka nini?"

"Nidhamu, Timothée," alijibu. "Ni nidhamu tu."

Aliisoma sifa ile midomoni mwa Timothée, akatembea nayo wiki nzima kama kitambaa kipya. Maskini Wivine.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, Maurice akamwita ofisini. Maurice ndiye mkuu wa shule, wanamwita Prefe. Si mtu mbaya. Ni mtu mwenye makaratasi mengi na wazazi wengi, na anayesema na watu huku kichwa kimeingia ndani ya saraka la meza. Wivine aliona kisogo chake kikitikisika kwa muda, akatikisa kichwa na yeye. Kisha Maurice akainua uso na kumpa barua.

Aliisoma akiwa amesimama. Wazazi wa darasa la tano wameandika. Kuna wasiwasi kuhusu afya ya mwalimu. Alhamisi inspekta atakuja kukaa darasani kipindi kizima, aseme kama Madame bado anafaa. Akiona hafai, Jumatatu inayofuata darasa litachukuliwa na Hugues, kijana aliyemaliza Kiingereza chuo kikuu mwaka uliopita.

"Mie sina mabaya na weye, Madame," alisema Maurice, safari hii kwa uso. "Lakini ba-parents banalalamika. Banasema batoto bao banashindwa kutoa hata sentensi moja kwa kinywa."

Wivine alisikia damu ikimpanda mpaka kwenye nywele. Mengine yote angeyavumilia, lakini hilo!

"Kwa kinywa?" akasema. "Prefe, kuya weye mwenyewe Alhamisi, usikie namna banarudia. Bote. Kwa nguvu. Ni batoto bangu hao, nabajua."

Maurice akafungua mikono, akarudi katika saraka lake.

Wivine alitoka pale. Aliogopa, na tuseme wazi, aliogopa kuliko siku ya malaria. Njia nzima hakumwona mtu. Toleka moja, baiskeli yenye abiria na kuku wawili nyuma, ilimpigia kengele mara tatu, ikamkosa kwa bahati tu, na mwendeshaji akamgeukia na kumtukana kwa Lingala iliyosomeka vizuri sana. "Una masikio ya nini, mama!" Wivine akaomba radhi.

Somo la inspekta halipikwi siku ile ile. Hilo kila mwalimu wa Kongo analijua, na inspekta naye analijua, kwani alikuwa mwalimu. Linachemshwa siku mbili tatu kabla, mpaka watoto wanalijua kama sala ya Baba Yetu. Wivine alichagua lipi? Aina nne za sentensi, bila shaka. Jumanne alilifundisha. Jumatano akalirudia lote. Kisha akaweka chaki chini, akawapa siri ya mikono, siri kongwe kuliko shule yenyewe.

"Sikieni. Kesho nikiuliza, bote munyanyue mukono. Mwenye kujua, mukono ya kuume. Mwenye hajui, mukono ya kushoto. Lakini bote! Inspekta aone pori ya mikono."

Alitegemea wacheke. Mwaka wowote ule darasa hucheka hapo. Safari hii walitazamana. Fiston wa benchi la nyuma, kijana mrefu mwenye utani kwa kila mtu, ndiye aliyejulikana kwa kuchekesha wenzake, na hata yeye aliinamia meza. Wivine alidhani ni woga wa inspekta. Akaupenda woga ule. Alijisemea: wananionea uchungu, wanangu.

Walipotoka, Benie alibaki, akaja mpaka mezani.

"Madame..."

"Nini, mwanangu?"

Msichana akatazama mlangoni walikokuwa wenzake, akarudisha uso.

"Hapana, Madame. Mungu akusaidie kesho."

Alhamisi kulipambazuka na wingu zito upande wa mto. Wivine alisimama mlangoni kwake akaliomba lile wingu kama mtu anavyomwomba mtakatifu. Njoo, akaliambia. Njoo saa mbili kamili, unyeshe mpaka saa tatu, sikuombi kingine. Wingu likakaa pale pale juu ya mto, halikuja wala halikuondoka.

Inspekta aliitwa Dominique. Mtu mfupi, suti ya kijivu, viatu vyenye tope la Simi-Simi, daftari kubwa kwapani. Darasa likasimama, vinywa vikasema salamu, wakaketi. Dominique na Maurice wakaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na dirisha.

Wivine akaanza. Jamani, alikuwa anajua kufundisha yule mama! Aliandika sentensi nne kwa ule mwandiko wake wa duara. The river is full, mto umejaa, na kiganja chake kikalala juu ya meza. Is the river full, mto umejaa je, kiganja kikageuka juu. Cross the river, vuka mto, kidole mbele, mpaka Joëlle wa benchi la pili akajivuta nyuma. How full the river is, jinsi mto ulivyojaa, mikono miwili kichwani, macho yametoka. Hata Maurice alitabasamu kule nyuma. Kwa dakika kumi Wivine alisahau barua, alisahau Hugues, alisahau kwinini. Alikuwa nyumbani kwake.

"Repeat after me!" akasema.

Akaisema ya kwanza. Vinywa thelathini na vinane vikafunguka, viganja vikalala. Kichwani mwake sauti ikamjia, nene, ya darasa zima, na ya Benie juu yake. Akaisema ya pili, viganja vikageuka. Ya tatu. Ya nne, na mikono yote ikapanda vichwani.

"Very good!" akapaza. "Very, very good!"

Alitazama nyuma apokee haki yake. Kalamu ya Dominique ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Dominique hakumtazama yeye, aliwatazama watoto, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Na Maurice alikuwa anatazama viatu vyake.

Hilo Wivine hakulielewa. Akafikiri labda sauti zilikuwa kubwa mno. Akaharakisha mbele. Akauliza nani atatoa sentensi yake mwenyewe, na pori la mikono likaota. Akamchagua Joëlle, mkono wa kuume, kisha Israël, mkono wa kuume. Walisimama, wakasema, wakafanya mikono yao. Vizuri sana.

Hapo Dominique akainuka, akatembea taratibu mpaka mbele, akamwelekezea uso.

"Permettez, Madame. Niruhusu nichague mie mwenyewe."

"Karibu, Inspekta."

Dominique akaligeukia pori la mikono na kucheka kidogo. Alikuwa mwanafunzi katika mji huu huu, na mkono wake wa kushoto uliwahi kunyanyuka mara nyingi kuliko wa kuume. Akapita mikono yote mizuri, akanyoosha kidole mpaka nyuma kabisa, kwenye mkono mmoja mrefu wa kushoto. Mkono wa Fiston. Kisha akarudi kwenye kiti chake dirishani.

Fiston alisimama polepole. Uso ulikuwa umepauka. Hakujua sentensi, maskini, hakuwa nayo kichwani hata moja, na inspekta alikuwa nyuma ya mgongo wake, na mbele yake alikuwa Madame aliyemtabasamia. Akafanya kile alichozoea kufanya. Midomo yake ikatikisika. Kiganja chake kikageuka juu.

Wivine aliisoma midomo ile, akaona kitu kama market, kitu kama open. Kumbe yule mtukutu anajua! Furaha ikamjaa kifuani.

"Very good, Fiston!" akasema. "Is the market open? Very good. Sit down."

Fiston hakuketi. Darasa zima liliinamisha vichwa. Kule nyuma Dominique aliinua daftari lake, akalishika mbele ya mdomo wake kama upepeo, akawa anamtazama Wivine juu ya ukingo wake.

Kisha vichwa karibu vyote vikainuka, vikamtazama Wivine. Walikuwa wanangoja. Nyuma ya lile daftari kulikuwa kumesemwa kitu.

Alisema nini? Ameuliza? Ameamuru? Ameeleza? Miaka ishirini na saba amefundisha watoto kwamba kila sentensi ina uso wake, na sasa uso wenyewe ulikuwa umefunikwa na jalada la daftari. Alimtafuta Benie wake wa benchi la mbele. Benie alikuwa amelaza paji la uso juu ya meza, anaonekana nywele tu.

"Yes, sir," akasema Wivine. "Thank you, sir."

Mabega mawili matatu yalitikisika kwa kicheko kule kati, yakaacha. Dominique akashusha daftari. Haikuwa sura ya mtu aliyeshinda. Alimwambia Maurice neno, Maurice akawaambia watoto neno, wakaanza kutoka, kimya au na makelele, nani angemwambia? Fiston alipita mbele yake bila kuinua macho.

Dominique akaja, akafungua ukurasa mweupe juu ya meza ya mwalimu, akaandika kwa Kifaransa kilichonyooka. Nilikuuliza huyu kijana amesema nini. Nilikuuliza mara tatu.

Wivine akasoma. Basi. Yalikuwa yamemfika. Ajabu ni kwamba hakulia. Alinyoosha kitambaa cha kiunoni, akasimama wima.

"Bon," alisema. "Sisikii. Kweli, Inspekta, sisikii tangu Noeli ya mwaka juzi. Andika. Lakini batoto bananisikia mie, na weye umebasikia bao. Umesikia namna banarudia! Kazi ya mwalimu ni ile. Masikio yangu ni ya nini, kama vinywa bya batoto biko bizuri?"

Dominique alimtazama. Akamtazama Maurice, Maurice akageukia dirisha. Akachukua kalamu tena, akaandika taratibu, na alipomaliza hakuligeuza daftari mara moja.

Mama, nilisikia sauti kama tano. Wengine wote walikuwa wanachezesha midomo. Na yule kijana hakutoa sauti kabisa.

Wivine aliisoma mara ya kwanza. Akaisoma mara ya pili. Chini yake Dominique aliongeza maneno mawili, pole sana, kisha akafunga daftari, akaweka mkono begani pake, akatoka na Prefe wake.

Darasani akabaki Benie peke yake, bado kwenye benchi la mbele. Kope zilikuwa zimevimba. Wivine aliketi mbele yake, kwenye benchi la watoto, magoti yao yakagusana.

"Niambie," akasema. "Polepole, nione kinywa yako."

"Tulianzaka kisha ya Pasaka, mwaka jana," Benie alisema. "Ni Fiston alisema: Madame hasikiake. Tukajaribu. Sentensi moja tu, Madame, kwa kucheza. Ukasema very good. Tukacheka sana."

"Kisha?"

"Kisha tukajaribu tena. Kisha tukazoea. Joëlle alitaka kwenda kwa Prefe, aseme. Tukamukataza. Tulisema, Prefe akijua, atamufukuza Madame." Msichana akapangusa pua kwa mkono wa shati. "Na ilikuwa muzuri, Madame. Hakuna mutu alikuwa anakosa."

Mwaka mzima. Wivine alihesabu bila kutaka: asubuhi zote zile, vinywa vyote vile, na yeye amesimama mbele yao, anapaza sauti peke yake, anasifu, anarudi nyumbani na furaha yake. Timothée na inzi wake. Wazazi na barua yao. Kila mtu alikuwa amemwambia, na yaliyokuwa hayasikii hayakuwa masikio tu. Makelele yale matamu ya kichwani yalikuwa ya watoto wengine, wa zamani, walio watu wazima sasa, wanauza simu sokoni na wananyonyesha. Hawa wa leo hakuwafundisha kitu.

Alibaki na swali moja. Hakutaka kuliuliza. Akaliuliza.

"Hata weye, Benie?"

Benie hakujibu kwa kinywa. Aliutazama mkono wake mwenyewe, akauweka juu ya meza, na kiganja kikalala chini, polepole, mpaka kikatulia. Habari imekwisha.

Wivine akatikisa kichwa. Nje, mama wa maandazi alikuwa anakusanya bakuli zake anakimbia, na uwanja ulikuwa umegeuka mweusi kwa matone. Ile mvua ilikuwa imefika. Saa tatu na nusu, mpumbavu yule. Sasa hata mwenye masikio asingesikia kitu chini ya bati lile.

Benie aliinuka ghafla, akasimama wima kando ya benchi kama anayeulizwa somo.

"Madame, naweza kusema sasa," midomo yake ikasema. "Sentensi zote ine. Kwa sauti. Kweli."

Wivine hakumkataza. Msichana akafungua kinywa, kiganja kikalala hewani. Akakifungua tena, kiganja kikageuka. Kidole mbele. Mikono kichwani. Kifua chake kilipanda na kushuka, na mishipa ya shingo ikamsimama. Wivine aliingoja ile sauti nzito yenye mikwaruzo ije kama inavyokuja siku zote. Aliitafuta kichwani mwake, akaiita kwa jina. Haikuja.

Alinyanyua mkono. Ilitosha kuweka vidole viwili kwenye koo la mtoto, ajue kama lilikuwa linatetemeka au la. Vidole vilifika karibu, karibu kabisa, akalisikia joto la ngozi ya Benie. Hapo akavirudisha, akavifunga ndani ya ngumi juu ya mapaja yake.

"Very good, Benie," akasema. "Sit down."

Na Benie akaketi.